Bia Ikishuka Bei, Ulizia Faida

Mbaazi zikianza kuvunwa Babati, mji unapata watu ambao miezi mingine huwaoni. Wanunuzi wanatoka Arusha na Dar es Salaam, malori yanajipanga kando ya barabara, vijana wa kupakia magunia wanatoka Kondoa na Singida, na gesti zinajaa. Hapa ndipo barabara ya Arusha kwenda Singida inapoachana na ile ya Kondoa na Dodoma, kwa hiyo hata asiye na shughuli ya mbaazi hulazimika kupita, na giza likimkuta hulala. Mgeni wa namna hiyo akishaweka begi chini huwa na maswali mawili: bia ya bei nafuu iko wapi, na chakula kizuri kiko wapi. Huyauliza kwa pamoja, kana kwamba jibu lake ni moja.

Karani wa kisa hiki aliyauliza hivyohivyo. Jina lake silitaji, na akitokea msomaji anayedhani amesemwa yeye, ajue hayuko peke yake. Alikuja kutoka Arusha kwa kazi ya mnunuzi wa mbaazi: kusimama kwenye mizani, kuandika kilo, kuhesabu magunia, kumpigia tajiri simu jioni. Alipewa posho ya kila siku, na shilingi ambayo hakuila ilikuwa yake. Akapanga chumba Sigino, kata ya Mji wa Babati iliyo nje ya pilikapilika za stendi, kwa sababu chumba cha huko kilikuwa rahisi kuliko cha mjini. Hapo hesabu yake ilikuwa sawa kabisa. Alilala pazuri, penye utulivu, kwa pesa kidogo.

Inafaa kumjua karani huyu kazini kwake kwanza, ndipo ya baa yaeleweke. Mizani alikuwa anaijua vizuri mno. Alijua gunia la lumbesa kwa kulitazama tu, jinsi lilivyotunishwa juu na kushonwa kwa kamba kama limevaa kilemba. Alijua pia jambo ambalo wakulima wengi hulijua wakiwa wamechelewa: mnunuzi anayetangaza bei ya juu kuliko wenzake wote siku ileile, katika soko lilelile, hana uchawi. Anauza mbaazi zake kunakouzwa za wenzake. Ile ziada aliyoitangaza lazima airudishe mahali, na mahali pa karibu ni mizani. Kilo mbili hapa, tatu pale, "unyevu" unakatwa, "takataka" zinakatwa, na mkulima anarudi nyumbani na bei nzuri na pesa pungufu. Karani aliwahi kumweleza hayo utingo wa lori lao, akicheka, kama mtu anayemfundisha mdogo wake ujanja wa mjini.

Jioni yake ya kwanza alikula kwa mama lishe mmoja pale Sigino, kwenye banda la mabati lenye mabenchi mawili na jiko la mkaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu. Kuna wali maharage, na perege wawili wamebaki."

Wali ulikuwa wa Magugu, ule unaonukia kabla sufuria haijafunuliwa. Perege alikuwa wa ziwani, amekaangwa mkavu, amewekewa ndimu na chumvi pembeni. Karani akala, akaongeza maharage, akaulizwa kama ametosheka. Akalipa pesa ambayo mjini isingempatia hata chipsi mayai. Kisha akauliza lile swali lake lingine.

"Mama, huku bia ya bei chee inapatikana wapi?"

"Bia mimi siuzi, baba. Lakini bia ni ileile, imetoka kiwandani kwa bei moja. Anayekuuzia chini ya wenzake, muulize yeye anakula nini."

Karani akacheka, akaaga, akapanda bodaboda.

Baa aliyoelekezwa na vijana ilikuwa upande wa mjini. Nje pana ubao wa chaki: Safari, Kilimanjaro, Serengeti, kila moja imepunguzwa shilingi mia tano kuliko baa ya jirani. Muziki upo, viti vya plastiki vipo, na wahudumu wachangamfu. Karani alikuwa na yule utingo, kijana aliyekulia machungani. Dada akaja na swali ambalo huwezi kuhudumiwa baa ya Tanzania bila kulijibu: ya moto au ya baridi? Wakaagiza za baridi. Kisha karani akaenda jikoni kwa mchoma nyama, akaona mguu wa mbuzi umening'inia, umenona, akauonyesha kwa kidole. "Huo, kilo moja." Mchoma nyama akaitikia, "Sawa bosi, kaa tu, nakuletea." Na karani, mtu wa mizani, akaenda kukaa.

Hapa nitasimama kidogo, maana ndipo pesa za wageni wengi zinapopotelea. Nyama ya kuchoma hupimwa mbichi, na mfupa wake. Ikikaa motoni hupoteza maji na mafuta, robo ya uzito wake au hata theluthi, kutegemea moto na muda. Kwa hiyo sinia likishafika mezani hakuna mtu duniani anayeweza kukuthibitishia kwamba kile ulichowekewa kilitoka kwenye kilo nzima au kwenye gramu mia saba. Wenyeji wanalijua hilo, ndiyo maana utawaona wamesimama palepale kwenye mizani, chupa mkononi, wanapiga soga na mchoma nyama kana kwamba ni ndugu yao. Hawapigi soga bure. Wanatazama kipande kikikatwa, wanatazama mshale wa mizani ukianzia sifuri, wanatazama kipande kilekile kikipanda kwenye waya. Nyama ikishapanda wanakwenda kukaa, na wakifika mezani wanaijua kwa sura.

Sinia lilikuja baada ya bia tatu. Lilipendeza: nyama imekatwakatwa, ndizi mbili za kuchoma, kachumbari, kilima cha chumvi na pilipili mbuzi. Utingo akala vipande vichache, akatoa mfupa mdomoni, akautazama kwenye taa.

"Kaka, mguu gani una pingili za shingo?"

Karani akasema ale tu, nyama ni nyama. Alikuwa mwenyeji wa meza ile, na mwenyeji wa meza hapendi kuonekana amepunjwa mbele ya mgeni wake. Hilo nalo wauzaji wanalijua. Wakati huohuo chupa zilizokwisha zilikuwa zinaondolewa mezani haraka haraka, kwa adabu, "niwapunguzie meza, kaka." Mnywaji mzoefu wa Babati hukataa adabu hiyo. Chupa tupu ndizo daftari lake. Zikiondoka, hesabu inabaki kaunta. Wakaja na watu wawili watatu wa salamu ndefu, mmoja akaomba "hata maji ya kunywa", na maji hayo yakawa Kilimanjaro. Bili ilipoletwa ilikuwa na bia kumi na moja. Utingo alikuwa anakumbuka tisa. Nyama ilikuwa imeandikwa kwa bei iliyozidi ya baa ya jirani kwa elfu nne, na karani hakuwa ameiuliza, kwa sababu ubao wa chaki ulitaja bia tu. Saa sita usiku bodaboda wa kurudi Sigino naye akataja bei ya saa sita usiku.

Asubuhi karani alimwambia mwenzake kazini kwamba amegundua baa rahisi kuliko zote Babati. Na alikuwa anaamini. Alihesabu bia tisa mara mia tano, akapata elfu nne na mia tano, akaiita akiba. Yale mengine hakuyaweka kwenye mstari mmoja.

Simlaumu sana, kwa sababu wengi wetu tunahesabu hivyo. Bia ya kiwandani ndicho kitu chepesi kuliko vyote kulinganisha: chupa ni ileile, ujazo uleule, lebo ileile kutoka Namanga hadi Tunduma. Mwenye baa hainunui kwa bei ya ajabu. Wakala anamletea kreti kwa bei anayowaletea majirani. Faida yake kwa chupa moja ni shilingi mia kadhaa, na katika hizo kuna kodi ya pango, umeme wa friji, leseni, mshahara wa mhudumu na chupa zilizovunjika. Akizitoa zote kwa mteja kwa hiari yake, si kwamba amewapenda wateja. Faida ameihamisha. Pengine ameihamishia mahali pa halali kabisa: anauza bia karibu na bei aliyonunulia ili watu wajae, wale nyama nzuri kwa bei iliyoandikwa, naye apate kwa wingi. Baa za namna hiyo zipo, na ni raha kukaa. Pengine ameihamishia kwenye mizani, kwenye bili, kwenye chenji inayorudi ikiwa imekunjwa. Na pengine, hili ndilo baya zaidi, ameihamishia ndani ya chupa.

Kabla ya chupa, niseme neno la chakula, maana karani alianza kukitafuta nacho kwa kipimo cha bei. Siku ya nne hivi alimwacha mama wa Sigino kwa sababu alisikia mahali ambapo kitimoto inauzwa kwa bei ya maharage. Ilikuwa kweli. Banda halikuwa na choo, maji ya kunawa yalikuwa kwenye kopo moja la wote, na nguruwe aliyechinjwa hakuwa na mhuri wa mkaguzi wa nyama. Faida ilikuwa imehamia kwenye ule mhuri usiokuwepo.

Mkoa wetu wa Manyara hauna haja ya kusimuliwa habari za nyama isiyokaguliwa kutoka mbali. Hospitali ya Haydom, kule Mbulu, kwa miaka mingi imekuwa sehemu ya utafiti wa tegu la nguruwe, na watafiti waliowapiga picha za ubongo wagonjwa wa kifafa wa eneo hilo walikuta baadhi yao wana vifuko vya viluwiluwi vya tegu vichwani. Mwenendo wake ni huu. Nguruwe anayezurura hula kinyesi cha mtu mwenye tegu, mayai yanakwenda kwenye misuli yake na kuwa vifuko vyeupe vya ukubwa wa punje ya mchele au zaidi kidogo. Mtu akila nyama hiyo ikiwa mbichimbichi, anapata tegu tumboni. Lakini vifuko vya ubongoni havitokani na kula nyama. Vinatokana na kumeza mayai yaliyotoka kwenye choo cha mwenye tegu, kupitia mikono isiyonawiwa au maji machafu. Asiyekula nguruwe kabisa anaweza kuyapata kwenye kachumbari. Kwa hiyo anayeuliza chakula kizuri kiko wapi, aangalie kwanza mpishi ananawia wapi. Nyama ikiiva mpaka ndani, bila wekundu, viluwiluwi hufa. Kachumbari haiivi.

Kwa samaki sina maneno mengi. Ziwa Babati liko pembeni mwa mji, na perege wa asubuhi anajitambulisha: jicho limetuna na kung'aa, mashavu ya ndani ni mekundu, nyama inarudi ukiibonyeza. Mwenye banda ambaye wali wake unaisha saa nane mchana na kesho anapika mwingine anakula faida ya watu wengi kidogokidogo, na huyo ndiye wa kumfuata, hata kama sahani yake imezidi mia mbili. Na ukila kando ya ziwa, rudi na usafiri mapema. Viboko wa Ziwa Babati hutoka usiku kula majani, na mtu aliyekunywa humwona kiboko amechelewa.

Sasa chupa.

Posho ilipoanza kupungua, utingo ndiye aliyeleta wazo. Kuna kibanda, alisema, kinachouza pombe kali ya lebo inayojulikana kwa nusu ya bei ya dukani. Kwa anayehesabu kwa ulevi, hakuna hesabu tamu kuliko hiyo. Bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina mililita 25 za kilevi. Chupa ndogo ya mililita 200 ya pombe kali yenye asilimia 35 ina mililita 70. Ndiyo maana viroba, yaani pombe kali ya kwenye vifuko, vilitamba nchini kwa miaka, mfukoni mwa wapiga debe na hata mwa wanafunzi, mpaka serikali ilipovipiga marufuku kuanzia Machi 1, 2017. Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alilitangaza katazo hilo akiwa mkoani kwetu humuhumu, Mererani, wilaya ya Simanjiro. Vifuko vikaondoka, chupa ndogo zikachukua nafasi. Pombe kali halali inatengenezwa hata hapa Babati, kiwandani, na wala haina tatizo zaidi ya lile la pombe yoyote. Tatizo ni chupa halali iliyonywewa na mtu mwingine, ikaokotwa, ikajazwa upya na asiyejulikana.

Utingo alianza na bia mbili alizonunuliwa na karani, kisha akainywa ile chupa karibu yote. Karani alionja kifuniko kimoja, akasema inachoma, akabaki na bia yake. Asubuhi utingo aliamka mzima. Alipakia magunia mpaka mchana. Alasiri akasema kichwa kinamgonga na tumbo linasokota, wenzake wakacheka, wakamwagizia supu ya mbuzi na bia moja ya kuzimua. Jioni akasema taa zina ukungu, anaona kama yuko barabara ya Bashnet asubuhi ya Julai. Usiku alianza kuhema haraka kama mtu aliyekimbizwa, na hapo ndipo wakaita gari.

Daktari aliuliza amekunywa nini. Utingo, kwa aibu, akasema bia. Daktari akamgeukia karani. Karani naye, kwa kumwogopa tajiri, akasema bia. Zikapita saa. Chupa ilikuwa imetupwa. Kijana alipona, kama kuona mwanga na vivuli vya watu mlangoni ni kupona. Kwenye lori hakurudi.

Kilichokuwa ndani ya chupa kina jina: methanoli, spiriti ya viwandani, ndugu wa karibu wa kilevi cha kawaida kwa sura, harufu na ladha. Huwezi kuitambua kwa ulimi, na wanaosema wanaitambua kwa kuiwasha moto wanajidanganya. Mwili unaivunja polepole, na kile inachogeuka, asidi ya fomiki, ndicho kinachoua mishipa ya macho na kuichafua damu. Kiasi cha vijiko vichache kinatosha kupofusha. Dalili huchelewa kwa saa kumi na mbili mpaka ishirini na nne, na mtu akiwa amekunywa na bia huchelewa zaidi, kwa sababu ini hushughulikia kwanza kilevi cha bia na kuiacha methanoli ingoje. Ndiyo maana utingo aliamka mzima, na ndiyo maana wenzake walidhani ni uchovu wa ulevi.

Methanoli haiingii kwenye pombe kwa bahati mbaya ya mapishi. Nafaka zilizochachushwa na kukenekwa kijijini hutoa kidogo mno. Vifo vya watu wengi kwa mkupuo karibu kila mara vinatokana na mtu aliyeichanganya kwa makusudi kwa sababu ni rahisi kuliko kilevi chenyewe. Hapo ndipo faida ilipokuwa imehamia.

Majirani zetu wamejifunza somo hili makaburini mara nyingi. Novemba 2000, Nairobi, katika vitongoji vya Mukuru, watu zaidi ya mia moja walikufa na wengine kupofuka kwa pombe haramu iliyotiwa methanoli. Aprili 2010, makumi ya watu walikufa huko Kabale, Uganda, kwa waragi wa namna hiyohiyo. Februari 2024, katika kaunti ya Kirinyaga, Kenya, walikufa watu wasiopungua 17, na serikali yenyewe ikasema pombe ile ilikuwa kielelezo kilichoibwa kituo cha polisi: ilishakamatwa mara moja, ikarudi sokoni. Na wanaodhani ni balaa la maskini wa Afrika peke yao wakumbuke Vang Vieng, mji mdogo wa Laos kando ya mto Nam Song, ambako vijana kutoka Ulaya, Australia na Marekani huenda kutafuta kitu kilekile alichokitafuta karani wetu, bia rahisi na chakula kizuri. Novemba 2024 watalii sita walikufa kwa sumu ya methanoli baada ya kunywa pale. Walikuwa na pesa ya kununua kinywaji cha kiwandani.

Kuna wanaosoma mpaka hapa na kusema, basi heri pombe ya kienyeji, mbege au kangara, inayochachushwa tu bila kukenekwa. Nakubaliana nao zaidi ya nusu. Sipendi dharau wanayoonyeshwa akina mama wanaopika pombe hizo. Wengi ni wasafi kuliko jikoni za baa zenye taa za rangi, na gongo, ambayo sheria ya mwaka 1966 inakataza kuitengeneza bila leseni, haipaswi kuwekwa kapu moja na mbege. Lakini Januari 2015, huko Chitima, mkoa wa Tete nchini Msumbiji, watu 75 walikufa kwa pombe ya kienyeji waliyokunywa msibani. Aliyeipika naye alikufa. Watu walisema ni nyongo ya mamba. Maabara ikaonyesha ni sumu ya bakteria waliokua kwenye unga wa mahindi ulioharibiwa na mafuriko. Unga uliooza, ambao mtu angeutupa, ulikuwa umeonekana unafaa kwa pombe. Hata kwa mama unayemjua, basi, uliza unga umetoka wapi, na usione haya.

Kuhusu pombe kali za dukani, tangu 2019 chupa zinabandikwa stempu za kodi za kielektroniki, na programu ya simu ya Mamlaka ya Mapato iitwayo Hakiki Stempu inaisoma stempu na kukuambia ni bidhaa gani. Inasaidia kukamata bandia. Haitoshi kwa chupa halali iliyojazwa upya, kwa sababu hiyo ina stempu yake ya kweli. Ndiyo maana kifuniko kitazamwe: pete yake ikiwa imekatika kabla hujaizungusha, rudisha. Bia ifunguliwe mbele yako. Chupa tupu zikae chini ya meza yako mpaka bili ilipwe. Nyama usimamie mwenyewe kwenye mizani, na bei yake uiulize kabla haijakatwa.

Karani alirudi Arusha msimu ulipoisha. Siku za mwisho alikuwa amerudi kwa mama wa Sigino, anakula wali wake jioni, anakunywa bia mbili za bei kamili kwenye kigrosari cha jirani anachoweza kutoka kwa miguu, analala. Posho ilianza kubaki. Wa kuitumia naye kwenye ile baa ya mjini hakuwepo tena.

Wewe unayesoma, ukiwa na mwenzako aliyekunywa kitu kisichojulikana, na siku ya pili akalalamika macho, tumbo au pumzi, usimpe supu wala bia ya kuzimua. Mpeleke hospitali saa hiyohiyo, beba chupa hata kama ni tupu, na mwambie daktari ukweli wote wa kilichonywewa na saa kilipoanza kunywewa. Dawa ipo, na kuna mashine za kusafisha damu, lakini vyote hivyo vinategemea daktari kujua mapema anachotibu.